Msitu wa Haiti Nyuma ya Jiko la Shule

Siku ya kuniaga, walimu wadogo wa idara ya historia walinipa saa ya ukutani na leso mbili, halafu mmoja wao akaniuliza mbele ya wageni nitawaachia nini. Nilikuwa na chapati mdomoni, kwa hiyo sikumjibu vizuri. Jibu lenyewe ni hili. Sitaeleza nilivyopandishwa cheo, maana cheo kilipanda polepole mpaka mimi mwenyewe nikachoka kukitazama, na habari za mshahara mnazijua kwa sababu wenu uko vilevile. Nitawaeleza jinsi kisiwa kimoja cha mbali kilivyoingia darasani kwangu, nusura kimfukuzishe msichana shule, na jinsi tulivyoshinda. Ninasema tulishinda mapema ili msome mkiwa mmetulia.

Nilianza kazi Bungoma mwanzoni mwa miaka ya themanini. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino, mavazi ya mtu aliyefundishwa ualimu kwenye ukumbi wenye sakafu ya mbao. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na kiatu kimoja kilibaki kwenye tope la uwanja huku mimi nikiendelea na safari. Wanafunzi walitazama kwa heshima kubwa, wakasubiri nigeuke ndipo wacheke. Aliyenichomolea kile kiatu alikuwa mkuu wa idara ya historia, Mwalimu Barasa, mtu mfupi aliyevaa tai shingoni na gambuti miguuni mwaka mzima, kiangazi na masika. Alinikabidhi kiatu changu, akaniambia kwa upole kwamba hapa Bungoma historia hufundishwa kwa miguu mikavu.

Barasa ndiye aliyenifundisha kazi. Chuo kilikuwa kimenipa karatasi tu. Alikuwa na ramani ya dunia ya kitambaa, imekunjwa mpaka mikunjo imekuwa mipaka mipya ya nchi, na alikuwa akiitundika hata pale asipoihitaji, kwa kuwa aliamini mwanafunzi asiyejua jambo limetokea wapi hajui kama limetokea. Visiwa vya Karibea kwenye ramani ile vilikuwa kama makombo ya mkate. Alivishikia kidole na kusema, hapa, kwenye kombo hili, mwaka 1791, watumwa walichoma mashamba ya miwa ya Wafaransa, wakapigana mpaka wakajipatia nchi yao wenyewe. Kisha akawauliza watoto swali lililomfanya kila mmoja akae wima: ni dini gani iliyowasha moto ule?

Maana hapo ndipo wasomi wanapovutana. Inasemekana kabla ya uasi watumwa walikutana msituni, wakachinja nguruwe, wakala kiapo mbele ya kuhani wa dini walizotoka nazo Afrika. Wengine wanasema kiini ni Ukristo, kwamba wengi wao walitoka Kongo, ambako watu walikuwa wamebatizwa kwa vizazi kabla ya kutiwa minyororo. Wengine tena wanadai kiongozi wa kiapo kile alikuwa Mwislamu, mtu wa kitabu. Na wako wanaosema dini haikuhusika kabisa, ilikuwa njaa na mjeledi. Barasa alikuwa hatoi jibu. Nilimwuliza kwenye chumba cha walimu yeye mwenyewe anaamini lipi, akaniambia akishaniambia nitaacha kusoma.

Alikuwa na kanuni mbili, na nimezitumia mpaka siku ya mwisho. Ya kwanza, kila shahidi wa historia aulizwe alikuwa amesimama wapi alipoona hayo anayoyasema. Ya pili ilikuwa ngumu zaidi: hakuna mwanafunzi anayeruhusiwa kutetea upande wa kwao kabla hajatetea upande wa jirani. Wa kanisa atetee msitu, wa msitu atetee kanisa, na atetee vizuri mpaka mwenye upande huo aseme ndiyo, hivyo ndivyo. Wazazi wengine hawakuipenda. Barasa aliwakaribisha chai, akawaambia kwamba mtoto asiyeweza kusema maneno ya jirani yake bila kuyapotosha ataishia kumtukana tu.

Nilipohamishiwa Kitale, kwenye shule ya wasichana iliyofadhiliwa na kanisa, nilikwenda na kanuni hizo na ramani ya kitambaa ambayo Barasa alinipa akidai ananiazima. Hakuwahi kuiulizia. Nilianzisha chama cha mijadala, tukawa tunakutana Ijumaa baada ya masomo katika maabara ya biolojia, macho ya chura aliyekufa yakitutazama kutoka kwenye chupa. Katika miaka ya tisini mjadala wa Haiti ulizunguka sana, tukaupeleka mpaka Sirisia na kurudi Bungoma kwenyewe, na shule nyingi zikauiga. Lakini ule wa kwanza, wa mwaka wa mwisho wa kidato cha sita kabla mfumo huo haujafutwa, ndio uliotutoa jasho.

Nilikuwa na wasemaji watatu. Nafula alikuwa msichana mrefu wa kutoka mtaa wa Tuwan, mkimya, mwenye tabia ya kusubiri mtu amalize kukosea ndipo azungumze. Babu yake, aliyemlea, alifungwa na mkoloni alipokuwa kijana kwa kushiriki ile dini ya mlimani iliyopigwa marufuku, ambayo waumini wake waliomba wakiuelekea Mlima Elgon. Ruth alikuwa rafiki yake wa kufa na kupona, na baba yake alikuwa Pasta Wanyonyi, mwenyekiti wa bodi ya shule. Wa tatu alikuwa Chebet wa Cheptais, Mkatoliki, mcheshi, sauti yake ilisikika mpaka barabarani bila kipaza sauti. Kwa kanuni ya Barasa niliwagawia hivi: Ruth, mtoto wa pasta, atetee dini ya msituni. Nafula, mjukuu wa mfungwa wa dini ya mlimani, atetee Ukristo. Chebet atetee Uislamu. Walilalamika kwa muda mfupi, kisha wakatekwa na kazi yenyewe.

Sasa, wasichana wakitekwa na kazi hawaishii kwenye maktaba. Jumapili moja mchana, baada ya ibada, mimi nikiwa nyumbani nafua, waliamua kwamba hawawezi kuzungumzia kiapo cha msituni bila kukiona. Shuleni kwetu msitu ulikuwa mmoja tu, miti ya saipresi nyuma ya jiko, na penye uwazi wa kusimama kundi la watu palitazama moja kwa moja mlimani. Wakafunga vitambaa vyekundu kichwani. Mmoja akawa kuhani, akainua mikono. Wengine wakapiga magoti. Nguruwe hakupatikana, kwa hiyo mpishi akawaazima boga na kisu. Boga likachinjwa kwa heshima zote, wakaapa kwa sauti kwamba hawatarudi tena kwenye miwa ya Mfaransa, na jioni boga lile likapikwa. Nilielezwa baadaye kwamba lilikuwa tamu.

Mtu aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe nje ya ua aliona kupitia michongoma. Mahali pengine popote duniani angeona wasichana wanacheza mchezo wa kuigiza. Lakini kwetu, mtu mzima akiona watu wamepiga magoti wakiuelekea mlima, kitambaa kichwani na kisu mkononi, hahitaji kuambiwa ni nini. Alikwenda kwa chifu. Kufikia Jumatatu asubuhi habari ilikuwa kwamba dini ya mlimani imefufuliwa ndani ya shule ya kanisa, kwamba wasichana wanakula kiapo, na kwamba kimechinjwa kitu chenye kichwa. Chifu aliuliza kama kuna mtoto wa ukoo wa wale watu. Jina la Nafula likatajwa, na hapo uchunguzi ukaishia.

Zilikuwa siku ambazo neno kiapo halikutamkwa ovyo. Mikutano isiyo na kibali ilipeleka watu ndani, na chifu alikuwa na wakubwa wa kuwaridhisha. Mwalimu mkuu wetu, Bi. Chepkwony, mama wa haki lakini mwenye woga wa mtu aliye karibu kustaafu, aliniita ofisini. Nilimweleza kila kitu, pamoja na boga. Aliwaita wasichana mmoja mmoja akawauliza nani alikuwa kuhani, na kila mmoja akajibu kwamba wote walikuwepo. Walikuwa wamekubaliana hivyo, na hata mimi hawakuniambia. Nafula alipoulizwa kama ni yeye, alinyamaza. Bi. Chepkwony akasoma kimya kile kama ndiyo, akampa barua ya kurudi nyumbani mpaka bodi ikae Jumamosi. Mtihani wa kidato cha sita ulikuwa unaanza Jumatatu inayofuata.

Ninataka walimu wadogo waelewe maana ya hilo. Mfumo ulikuwa unafutwa. Akikosa mtihani ule hakukuwa na mwaka mwingine wa kurudia, hakukuwa na kidato cha sita cha kurudia. Msichana aliyekuwa na akili ya kufika chuo kikuu angebaki Tuwan akiuza mboga, si kwa sababu mboga ni aibu, bali kwa sababu mtu fulani alichungulia kwenye michongoma. Nilikasirika. Nilivunja chaki tatu katika kipindi kimoja, na wanafunzi wa kidato cha pili wakakaa kimya kuliko siku nyingine zote.

Alasiri ile nilikwenda Tuwan kwa miguu. Babu yake Nafula, Mzee Kisiangani, alikuwa anatengeneza kiti cha kamba mlangoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba ndefu ya kuomba radhi. Hakuitaka. Hakuuliza juu ya kiapo, wala chifu, wala pasta. Aliuliza jambo moja tu, kama mtoto ataandika mtihani. Nilimwambia nitapigana. Akaivuta kamba mpaka ikalia, akasema yeye pia atakuja Jumamosi, na atavaa koti.

Nilirudi shuleni nikamwendea Pasta Wanyonyi mwenyewe. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili na sauti, mhubiri hodari, na adui wa dini ya mlimani tangu utotoni, maana baba yake alikuwa miongoni mwa Wakristo waliozomewa na waumini wa dini hiyo. Lakini nilijua udhaifu wake mmoja: alipenda hoja. Ukimpa hoja nzuri alisahau kukasirika. Nilimwomba kwamba kabla bodi haijaamua, isikilize kile wasichana walichokuwa wanakitayarisha, mjadala wenyewe, ukumbini, wazi, Nafula akiwemo. Nikamwambia Nafula ndiye aliyepewa kutetea Ukristo.

"Huyo ndiye mtetezi wa Injili?" akauliza. "Wa ukoo huo?"

Nikamjibu kwamba aje amsikilize, na akiona ameitetea vibaya, mimi nitaandika barua ya kuacha chama na kuacha shule. Ilikuwa ahadi ya mtu mwenye hasira, lakini niliimaanisha. Pasta akasema atakuja, na kwamba maswali atayauliza yeye.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wazazi walikuja, wanafunzi wakasimama madirishani, chifu akakaa mbele na fimbo yake magotini. Mzee Kisiangani alikaa nyuma kabisa, koti lake la kahawia limefungwa vifungo vyote ijapokuwa jua lilikuwa kali. Tulihitaji mtu wa kuongoza mjadala asiyeegemea upande wowote, na bodi ikamchagua mwanachama wake, Bwana Gurdip, Singasinga mwenye duka la vyuma na mabomba pale mjini. Alisimama na kilemba chake cha buluu na kengele ya shule mkononi.

"Mimi si wa kanisa, si wa mlima, si wa msikiti," akasema. "Mimi nauza bomba. Kila mtu ataongea dakika zake, kengele ikilia anakaa. Hata pasta."

Ruth alianza. Baba yake alikuwa hajui kama yumo, na alipomwona akipanda jukwaani aliinua nyusi, lakini akatulia. Ruth aliutetea msitu kana kwamba amezaliwa humo. Alisema wale watumwa walitoka mataifa mengi, hawakuwa na lugha moja, na bwana wao aliwachanganya makusudi wasielewane. Je, ni kitu gani kiliwafunga pamoja usiku mmoja wakaamka pamoja? Alisema mtu hahatarishi shingo yake kwa Mungu aliyetambulishwa na mwenye mjeledi. Anamtafuta Mungu ambaye bwana hamjui jina lake. Nilimwona Pasta Wanyonyi akisogea mbele kwenye kiti.

Chebet alifuata, akaangusha ukumbi kwa kicheko hata kabla hajafika hoja ya pili. Alisema wako watumwa waliosoma na kuandika Kiarabu, waliofunga na kuswali kwa siri, na kwamba mtu mwenye kitabu na nidhamu ndiye anayeweza kupanga vita. Mzazi mmoja akamkatiza akauliza ni Mwislamu gani huyo anayesimamia kuchinjwa kwa nguruwe.

"Hapo sasa," akasema Chebet. "Si ndiyo maana mimi nashuku huyo nguruwe? Yule aliyeandika habari yake alikuwa daktari Mfaransa. Yeye mwenyewe hakukuwa huko msituni. Aliambiwa tu."

Kisha akasimama Nafula. Hakuwa amefika shuleni tangu Jumatatu, na sare yake ilikuwa imepigwa pasi mpaka ikang'aa magotini. Alisubiri ukumbi unyamaze, kama kawaida yake.

Aliutetea Ukristo, walimu wenzangu, kwa namna ambayo sijaisikia tena. Aliwapeleka Kongo, kwa wafalme waliobatizwa kabla Mfaransa hajaanza kulima miwa Haiti. Aliwaonyesha wale watu wakiingizwa melini wakiwa tayari na misalaba yao shingoni. Akasimulia kwamba miongoni mwa waasi alikuwepo kiongozi aliyejiita nabii na kudai anazungumza na Bikira Maria. Akasema mabwana waliwahubiria watumwa wao utii kila Jumapili, lakini huwezi kumpa mtu Biblia nusu. Ukimwambia habari za Mungu, ipo siku atasikia habari za Musa na Farao, na atajua yeye ni nani katika hadithi hiyo. Kengele haikulia. Bwana Gurdip alikuwa ameisahau.

Pasta Wanyonyi alisimama kuuliza maswali yake. Aliuliza moja zuri kuhusu Kongo, akajibiwa. Aliuliza la pili, akajibiwa kwa mistari ya kitabu cha Kutoka ambayo pasta mwenyewe alikuwa ameihubiri mwezi uliopita. Kisha akaiacha Karibea.

"Binti, umeongea vizuri," akasema. "Lakini sisi tuko hapa kwa sababu ya miti ile ya jikoni. Watu waliwaona mnaabudu mlima."

"Pasta, Chebet amesema habari ya msitu wa Haiti iliandikwa na mtu ambaye hakukuwa ndani," Nafula akajibu. "Hata hii yetu ni hivyo. Aliyesema alikuwa nje ya ua. Hakusikia maneno. Aliona mlima, akaona mimi ni mjukuu wa nani, akamaliza."

Chifu alianza kusimama, Bwana Gurdip akampigia kengele, akakaa. Pasta akauliza kwa sauti ya kuchoka ni nani basi aliyekuwa kuhani, kwani mpaka leo hakuna aliyetaka kusema, na mtu anayeficha ana lake jambo. Nafula akanyamaza, kimya kilekile cha ofisini. Nilidhani tumeishia hapo.

Ruth akainuka. Hakupanda jukwaani, alisimama pale alipokuwa, mikono nyuma.

"Ni mimi, Baba," akasema. "Mimi ndiye niliinua mikono. Nafula alikuwa anashika boga. Alinyamaza juu alijua ukisikia ni mimi utaaibika kanisani."

Sijawahi kuona mtu mkubwa akipungua kiasi kile. Pasta alimtazama binti yake, akamtazama Nafula, kisha akageuka akaangalia nyuma ya ukumbi. Sote tuligeuka. Alikuwa anamtazama mzee wa koti la kahawia. Aliuliza kama huyo ndiye babu. Mzee Kisiangani akasimama, polepole, kofia mkononi.

Kisha pasta akafanya kilichonifanya nimheshimu mpaka alipofariki. Aliuliza kwa adabu, jinsi mtu anavyomwuliza mkubwa wake.

"Mzee, mimi nimehubiri dhidi yenu miaka mingi na sijawahi kuuliza. Mlipokuwa mnaangalia mlima, mliomba nini?"

Mzee alikuwa mtu wa Sirisia kwa asili, na ulimi wake haukupenda sana herufi ya l.

"Turiomba mzungu aende kwao," akasema. "Si arienda?"

Aliyecheka wa kwanza alikuwa pasta mwenyewe. Kicheko kilianzia tumboni kikamtikisa mpaka akashika meza, na baada ya hapo hakuna aliyejizuia, wazazi, wasichana madirishani, Bi. Chepkwony aliyejifuta macho kwa kona ya leso. Bwana Gurdip alipiga kengele bure. Hata chifu alicheka, ingawa alimtazama kwanza pasta kuhakikisha kwamba ni salama. Mzee Kisiangani alibaki amesimama akishangaa kidogo, maana yeye alikuwa amejibu swali.

Bodi haikutoka nje kushauriana. Pasta aligeuka kwa wenzake waliokaa mbele, akauliza kama kuna mwenye neno, na hakukuwa na mwenye neno. Akatangaza kwamba barua ya Nafula imefutwa na kwamba hakuna mwanafunzi atakayeadhibiwa kwa sababu ya boga. Kwa chifu alisema kwamba kanisa limechunguza na kuridhika, na akitaka maelezo zaidi aje nyumbani kwake anywe chai. Chifu alisema hapana, imetosha. Nililia pale mbele ya watu wote, na sikuona aibu.

Nilidhani tumemaliza. Lakini Bwana Gurdip, ambaye kazi akipewa huifanya mpaka mwisho, aligonga meza akasema mjadala haujapigiwa kura. Kwenye chama chetu kura haikupigwa kwa kuinua mkono. Watu walisimama wakatembea, kila mmoja akaenda kusimama nyuma ya msemaji aliyemshawishi, ili asiyekuwa na msimamo aonekane akizubaa katikati. Basi Ruth akaenda ukuta wa madirisha, Chebet akabaki kwenye jukwaa, Nafula akasimama karibu na mlango, na ukumbi mzima ukaanza kusukumana na kuburura viti.

Pasta Wanyonyi alikuwa mtu wa kanisa na hakubadili imani yake siku ile. Alitembea na mwili wake wote mpaka mlangoni, akasimama nyuma ya Nafula. Aliweka mkono begani mwa msichana ambaye asubuhi ile yeye pasta alikuwa amekuja kumfukuza. Na kutoka nyuma ya ukumbi Mzee Kisiangani akaja akipita kati ya viti, akimwomba kila mtu radhi kwa kumpisha, mpaka kwenye madirisha. Akajipanga nyuma ya mtoto wa pasta. Alisimama wima, koti limefungwa, kofia kifuani, na Ruth akarudi nyuma hatua moja ili awe karibu naye.

Msitu ulishinda. Haukushinda kwa wingi mkubwa, lakini ulishinda, na Nafula, ambaye alichukia kushindwa kuliko kitu chochote, alikunja uso na kuanza kunieleza pale pale alichosahau kusema kuhusu Kongo. Pasta Wanyonyi alimsikiliza, akamkatiza.

"Hayo utayaandika Jumatatu," akamwambia. "Enda ulale."

Jumatatu nilikuwa msimamizi wa mtihani. Nafula alikuwa wa kwanza kuingia.